Namba ya Chini

Sista Bernadetha alianza somo la kwanza kwa kutuuliza habari za kwaya.

"Kwaya moja ina waimbaji wanane, na wanne wamekauka sauti. Kwaya nyingine ina waimbaji themanini, na watano wamekauka sauti. Jumapili mtakwenda kusikiliza ipi?"

Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili chini ya turubai la bluu, kila mmoja ametumwa na mtaa wake. Ilikuwa Septemba mwaka 1995, katika kambi moja ya wakimbizi wa Burundi wilayani Ngara, siku ambazo vumbi lilikuwa limeingia hata kwenye chumvi. Tulikuwa tunasomea uhamasishaji wa afya. Wengi wetu tulikuwa wakulima. Mimi niliacha shule darasa la nne, na hesabu ya kugawanya nilijifundisha mwenyewe kambini, kwa kijiti mchangani, kwa sababu nilikuwa na muda.

"Inategemea waliokauka ni nani," alisema Adelfina wa Mtaa wa Tano. "Kama ni wale wa besi, mbona nafuu."

Turubai zima lilicheka, na Sista akacheka pia, kisha akangoja. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya kambi, mtu wa Biharamulo, mfupi, mwenye kalamu tatu mfukoni mwa gauni, na zote tatu zilikuwa zinaandika, jambo lililompa heshima kubwa kambini.

"Ndizeye," akaniambia, "wewe unafikiri kimya kimya. Toa."

"Nitakwenda ya pili, Sista. Wagonjwa wake wamezidi kwa mmoja, lakini waliobaki bado wanaweza kuimba. Ile ya kwanza imebaki nusu."

"Basi nusu ya kozi mmekwisha kuimaliza," alisema. Akaandika ubaoni namba mbili, moja juu ya nyingine, na mstari katikati. "Namba ya juu ni wagonjwa. Namba ya chini ni watu wote, wazima na wagonjwa. Kila mtu anapenda kuniletea namba ya juu. 'Sista, huku tuna wagonjwa wengi!' Wengi kati ya wangapi? Hapo wananikimbia. Daktari anamtazama aliyeingia mlangoni. Kazi yetu sisi ni kwenda kujua huko alikotoka wako watu wangapi, wanakunywa nini, na kwa nini jirani yake hakuugua."

Siku ya pili tulijifunza kwamba ugonjwa lazima uwe na maana moja kwa wote wanaouhesabu. Kuharisha, kwa daftari letu, kulikuwa choo chepesi mara tatu au zaidi kwa siku moja. Tulibishana asubuhi nzima. Mmoja aliuliza habari ya mara mbili na nusu. Sista akamjibu kwamba hiyo nusu aimalize kwanza, ndipo aje kuhesabiwa.

Siku ya tatu, Jumatano, alitoa kazi yenyewe.

"Yamekuja mabomba ya kufikisha maji kwenye mtaa mmoja tu," alisema. "Isiyo na maji ni miwili, wa Nne na wa Tano. Mtaa ambao watu wake wanaharisha zaidi, kwa kila watu elfu moja, ndio utakaoanza. Mwingine utangoja mpaka mvua zipite. Ndizeye, Adelfina, hesabuni walioharisha wiki mbili hizi. Ijumaa kila mmoja anipe namba zake mbili. Jumamosi saa sita mchana taarifa inaondoka kwenda mjini Ngara."

Mtaa wa Nne ulikuwa wangu. Maji yetu yalitoka kwenye kijito cha bondeni, mahali ambapo ng'ombe wa wenyeji walikunywa upande wa juu na sisi tukachota upande wa chini. Kuni zilikuwa chache kiasi kwamba mtu alichagua kuchemsha maji au kupika maharage, na aliye na njaa hachemshi maji. Binti yangu Tecla alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, na tangu Juni alikuwa ameharisha mara mbili. Mara ya pili macho yake yaliingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiibana ilibaki imesimama. Mke wangu Niragira alimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko siku mbili mfululizo. Mvua zilikuwa karibu, na mvua huosha kila kitu cha mlimani hadi kijitoni. Nilimweleza Niragira habari ya mabomba.

"Baba Tecla," alisema, "lilete hilo bomba."

Nilipita nyumba kwa nyumba Jumatano mchana na Alhamisi asubuhi. Niliuliza swali lile lile kwa maneno yale yale, nikaandika jina, umri na tarehe. Nilipata watu thelathini na wanane. Nilipokuwa narudi nilikutana na Adelfina njiani, daftari kwapani.

"Mimi nimemaliza, mtani," alisema. "Thelathini na sita, katika watu mia nane na themanini. Nyie mmefikisha wangapi?"

"Thelathini na nane."

"Mmetuzidi wawili! Basi jiandaeni kuoga."

Lakini alicheka njia nzima, maana naye alikuwa anajua kugawanya. Kwake ilikuwa arobaini na moja kwa kila elfu. Mimi nilichukua idadi ya mtaa wangu kutoka orodha ya kadi za chakula, watu elfu moja mia mbili na kumi na sita. Nikagawanya. Thelathini na moja. Nikagawanya kwa kijiti, nikagawanya kwa kalamu, nikaanza upya kutoka mwisho. Ikabaki thelathini na moja.

Hapa lazima nieleze habari ya kadi. Mtaa wa Nne tulifika mapema, siku za vurugu, wakati watu waliandikishwa kwa kupiga kelele tu. Siku hizo watoto waliazimwa. Mtoto mmoja wa jirani yetu Speciosa, mjane mwenye watoto wawili, aliandikishwa asubuhi kama Gaspari, mchana kama Emanueli, na jioni, akiwa amechoka, kama Yozefina. Kadi ya Speciosa ilikuwa ya watu saba. Yangu ilikuwa ya sita: mimi, Niragira, Tecla, mama mkwe wangu na mapacha. Mama mkwe alikuwa Burundi, alikokataa kuiacha migomba yake. Mapacha hawakuwa popote. Mtaa wa Tano walifika baadaye, wakati kila mtu alichovya kidole kwenye wino asiandikishwe mara mbili, na hesabu yao ilikuwa karibu na kweli.

Sisemi kwamba ilikuwa sawa, wala sisemi kwamba ilikuwa wizi mtupu. Mahindi ya wiki mbili yalikuwa yanakwisha siku ya tisa. Lakini sasa tulikuwa ile kwaya ya waimbaji wengi, ila wengi wao hawakuwa na koo.

Nilikwenda kwa kiongozi wa mtaa, Mzee Nzeyimana. Alikuwa nje ya nyumba yake, anashona kandambili kwa waya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona una uso wa mtu aliyepoteza mbuzi?"

Nikamweleza kwa utaratibu, namba ya juu, namba ya chini, na mstari katikati. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kushona.

"Kwa hiyo unaniambia," alisema, "kwamba hatuugui vya kutosha."

"Tunaugua vya kutosha, mzee. Tumezidi wingi."

"Basi ipunguze hiyo ya chini."

"Nikiipunguza wataniuliza waliopungua wamekwenda wapi. Na watu wa chakula watasikia."

Aliuvuta waya kwa meno. "Kama ya chini haishuki, ya juu ipande. Hawa watu wa kadi wanakula hapa mwaka wa pili huu, na hawajaugua hata mafua. Hiyo ni haki?"

Kabla sijapata jibu alikuwa amekwisha kuwaita majirani, na mchana ule ule wa Alhamisi, uani kwake, tuligawana ugonjwa.

"Kadi ya Ndizeye itoe wawili," alisema Mzee Nzeyimana. "Wale mapacha."

"Wanangu?" Niragira alisimama, Tecla mgongoni. "Mapacha wangu hawajaugua tangu wazaliwe."

"Hawajazaliwa, mama Tecla."

"Ndiyo maana. Mchukueni mama. Yeye tumbo lake lilikuwa likimsumbua tangu kwetu."

"Mimi natoa watatu," alisema Speciosa. "Lakini Gaspari aharishe kidogo. Mara tatu kamili, asipitilize."

Walipatikana arobaini na sita. Niliwaandika kwa penseli, nikijiambia kwamba penseli si uongo kamili. Katika safu ya tarehe niliandika Alhamisi kwa wote, kwa sababu kurasa za siku nyingine zilikuwa zimekwisha kujaa, na sipendi kuandika pembeni.

Ijumaa Adelfina alisoma zake kwanza, kwa sauti ya kutosha. Nami nikasimama.

"Themanini na wanne, kati ya watu elfu moja mia mbili na kumi na sita. Sitini na tisa kwa kila elfu."

"Jamani!" alisema Adelfina. "Jana walikuwa thelathini na nane. Huko mmekula nini?"

Nilitegemea Sista angefurahi kwamba nimegawanya vizuri. Aliomba daftari. Akapitisha kidole kwenye safu ya tarehe, taratibu, akafungua ukurasa wa pili, na kidole kikasimama.

"Watu arobaini na sita," alisema. "Siku moja. Kijito kimoja."

Rangi ya uso wake ilibadilika. Akafunga kalamu, na ndipo nilipokumbuka somo ambalo tulikuwa bado hatujalifikia lakini sote tulilijua kwa macho yetu: kipindupindu huanza hivyo.

"Somo limeishia hapa. Benedicto! Washa gari!"

Benedicto, dereva wa zahanati, alikuwa mtu wa Murukulazo, mcheshi hata palipo na msiba. Ndani ya nusu saa gari lilikuwa limejaa ndoo, dawa ya kutakasa maji, na vitanda vya turubai vyenye tundu katikati.

"Panda mbele utuonyeshe njia, bwana Ndizeye," aliniambia. "Mbona unatoka jasho? Na wewe umeanza?"

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo mara mbili. Lakini Sista alikuwa anahesabu paketi za chumvi kwa sauti, nami siku zote nimeona vigumu kumkatiza mtu anayehesabu.

Habari zilitutangulia. Mtaa wa Nne, ambao kwa kawaida una kelele kama gulio, tuliukuta umelala chali. Watu walikuwa mlangoni, uani, mmoja kando ya njia na mzigo wa kuni bado kichwani. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Speciosa. Sista akapiga magoti, akatazama ulimi, akabana ngozi ya tumbo.

"Umeharisha mara ngapi, mama?"

"Tatu kamili."

"Na watoto?"

"Tatu kamili. Kila mmoja."

Sista akatazama orodha. "Gaspari?"

"Bee," akaitika mtoto.

"Emanueli?"

"Bee," akaitika yule yule.

"Yozefina?"

Safari hii mtoto alimtazama mama yake kwanza.

Sista aliinuka, akajipangusa magoti. Nyumba ya pili alikuwamo mwanamume mnene aliyegumia kwa maumivu hadi Benedicto alipokiteremsha kitanda. Akanyamaza, akalitazama lile tundu.

"Hilo ni la nini?"

Benedicto akamweleza, bila kuficha kitu, mpaka sehemu ya ndoo. Yule bwana akapona hapo hapo, akatukaribisha viti.

Tukafika kwangu. Niragira alikuwa amesimama mlangoni.

"Kuna bibi mgonjwa hapa," alisema Sista. "Miaka sitini."

"Ametoka kidogo."

"Mgonjwa wa kuharisha ametoka?"

"Si ndiyo ugonjwa wenyewe, Sista? Hakai."

Benedicto alikwenda nyuma ya gari. Nilimsikia akijifanya anakohoa. Sista alikaa kwenye ukingo wa gari, daftari langu magotini.

"Ndizeye. Katika hawa themanini na wanne, wangapi wana matumbo?"

"Thelathini na nane, Sista."

Alifumba macho. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha nikaona ni vyote viwili. "Asante Mungu," alisema. "Nilikuwa nimeanza kuhesabu makaburi." Akajifuta kwa kiganja. "Lakini vitanda hivi nimevitoa chumba cha wagonjwa. Kuna watoto wawili nimewaacha wamelala chini, kwa ajili ya mama mkwe wako."

Waliokuwa wamelala chali walikuwa wameanza kukaa mmoja mmoja, na mwenye kuni akazitua.

"Namba yako ya juu sasa naijua," alisema Sista. "Ya chini je?"

"Ya chini ni ya kadi."

"Sikuuliza kadi. Nimeuliza watu."

"Naogopa, Sista. Chakula."

"Fomu ya maji haina mahali pa majina. Ina namba moja tu."

"Na watu wa chakula hawataiona?"

Alikaa kimya muda mrefu, akitafuta jibu la kweli, nami nilimheshimu zaidi kwa ukimya ule kuliko kwa kalamu zake.

"Siwezi kukuapia," alisema. "Karatasi hutembea. Lakini siwezi kuwaombea bomba watu nisiojua ni wangapi. Kesho saa sita. Usipoleta, naandika Mtaa wa Tano."

Jioni ile tulikutana uani kwa Mzee Nzeyimana, na hapakuwa na aliyecheka.

"Niache chakula cha watu saba nipate maji ya watu watatu?" aliuliza Speciosa. "Hiyo ni hesabu gani?"

"Mtoto akiharisha, hicho chakula unampa nani?" aliuliza Niragira.

"Wewe unasema hivyo kwa sababu wako ameugua."

"Ndiyo. Ameugua mara mbili, na ya tatu siitaki. Kwani wako anakunywa kijito kingine?"

Walibishana hivyo hadi jua likagusa kilima. Nilingoja watulie, kisha nikawaeleza nilichokuwa nimekifikiria njia nzima. Tuweke debe tupu la mafuta ndani ya nyumba isiyo na mtu. Asubuhi kila mwenye kaya aingie peke yake, atie harage moja kwa kila mtu anayekunywa maji ya kijito nyumbani kwake. Mtu wa kweli, mwenye kiu. Hakuna jina, hakuna kadi, hakuna wa kutazama. Mwisho tutahesabu maharage, si watu. Kwetu mama hapendi kuhesabu watoto wake kwa sauti, na hili nalo liliwapendeza: harage halipatwi na jicho baya.

"Na mtu akidanganya?" aliuliza mmoja.

"Atakuwa amelidanganya debe," nilisema, "na bomba halitakuja."

Mzee Nzeyimana alisema yeye ataanza.

Jumamosi saa mbili asubuhi mtaa mzima ulikuwa umepanga mstari. Mzee aliingia, turubai likaanguka nyuma yake, na sote tukajifanya kutazama mbali. Hapo kosa la mpango wangu likajitokeza. Debe lilikuwa la bati.

Ti.

Ti.

Kadi ya Mzee Nzeyimana ilikuwa ya watu kumi na mmoja, na hakuna asiyejua. Tuliendelea kungoja, huku tukiona aibu ya kungoja. Turubai likafunguliwa, naye akatoka.

"Mzee," alisema Speciosa kwa sauti ndogo, "yanasikika. Tuweke majani chini."

Mzee alisimama pale na mkebe wake wa maharage. Mimi nilikuwa nimedhani siku zote kwamba naye aliazima, kama sisi.

"Wale tisa hawakuwa wa kuazima," alisema. "Wanangu watano na wajukuu wanne. Tulipotezana njiani. Nilipoandikishwa niliwataja kwa sababu nilijua watafika jioni." Akatazama chini kidogo, kisha akaitazama foleni. "Wakifika nitawatilia maharage yao. Leo wanaokunywa kijito kwangu ni wawili. Majani ya nini? Acheni yasikike."

Akafuata Speciosa. Ti, ti, ti. Akatoka bila kumwangalia mtu. Kisha yule bwana mnene aliyeponywa na kitanda. Kwake yalidondoka ti ti ti ti, na foleni ikaanza kuhesabu pamoja naye kwa mnong'ono, tano, sita, saba, nane, tisa. Kimya. Kisha sauti ya mkono mkubwa unaopapasa ndani ya bati.

"Toa manne!" mkewe alimpigia kelele kutoka nje.

Foleni ilicheka hadi wengine wakapoteza nafasi zao. Tangu hapo kila aliyeingia alihesabiwa kwa furaha, na kila aliyetoka alipokewa kama bwana harusi. Zamu yangu ilipofika Niragira alinishika mkono. "Mapacha waache nyumbani," alisema. Nikatia matatu.

Tuliyamwaga kwenye mkeka, tukayapanga kumi kumi. Adelfina alikuwa amekuja kuangalia wenzake wanafanya nini.

"Mnapika?"

"Tunahesabu," nilisema. "Kaa uhesabu na sisi, usije ukasema tumeiba."

Akakaa. Alihesabu mara mbili, akapata nilichopata mimi. Mia saba hamsini na mawili. Aligawanya kichwani haraka kuliko mimi, maana nilimwona akikunja uso.

"Hamsini na nusu," alisema. "Haya. Lakini tutakuja kuchota kwenu, mjue."

Nilifika kwa Sista saa tano na nusu. Nilimweleza yote, pamoja na habari ya bati na ya majani. Alipofika mahali pa namba ya chini alinitazama, kisha akaandika kwa kalamu.

"Wale watoto wawili, Sista?"

"Wako vitandani. Wamekunywa." Akapuliza wino ukauke. "Hebu niambie. Kwa nini wagonjwa wako wote walianza Alhamisi?"

"Kurasa nyingine zilikuwa zimejaa."

"Siku nyingine ukidanganya, tawanya tarehe." Akashtuka mwenyewe. "Hapana. Usinisikilize. Nenda."

Bomba lilifika mwezi uliofuata, kabla ya mvua kubwa. Mwezi wa Novemba watu wa wino nao walifika mtaani kwetu, na kadi ya Speciosa ikawa ya watatu. Sijui kama ni karatasi yetu iliyotembea, au ilikuwa tu zamu yetu. Speciosa hakunisalimia kwa wiki nzima, ingawa tulikutana bombani kila asubuhi na kila jioni. Siku ya nane aliniomba nimshikie ndoo.

Maji yalinuka dawa. Wazee walisema yana harufu ya zahanati, na nikagundua kwamba baadhi ya nyumba zilikuwa zinachanganya nusu ya bomba na nusu ya kijito ili yapate ladha. Kwa hiyo nilianza tena kupita nyumba kwa nyumba na swali jipya, na nikapata majibu mapya ya uongo, ambayo nilikuwa sasa nayafahamu kwa sauti zake. Mzee Nzeyimana alinijibu kwamba yeye hachanganyi, ila mtungi wake una desturi zake. Tulikaa naye saa nzima juu ya jambo hilo la mtungi.

Mwisho wa wiki mbili za mvua nilikaa mlangoni kuandika namba zangu. Walioharisha walikuwa kumi na wawili katika mtaa mzima, na saba kati yao walikuwa wa nyumba zinazochanganya. Niliipitia orodha ya majina kutoka juu hadi chini kumtafuta Tecla, nikaipitia tena kutoka chini hadi juu.

"Unatafuta nini humo?" aliuliza Niragira. "Mtoto si huyu hapa mgongoni?"

Nikamwambia nilikuwa nahakikisha tu.